Volteji ya utando wa seli na chaneli za ioni: mwongozo kamili wa kuielewa na kuikokotoa

Moyo haupigi, neva haipeleki ujumbe na kongosho halitoi insulini bila tofauti ndogo ya umeme iliyopo kati ya ndani na nje ya seli. Katika seli nyingi za neva zilizotulia, tofauti hiyo ni takriban milivolti 70, na ndani ndiko kwenye hasi. Wanafunzi wengi huikariri hiyo "−70" kama jina la mtu, bila kujua imetoka wapi. Mwongozo huu unakupa njia ya kuitoa mwenyewe kwa kalamu na kikokotoo chenye logi, kisha kuitumia kutabiri seli itafanya nini chaneli fulani, yaani njia ya protini inayopitisha ioni kwenye utando, ikifunguka au ikifungwa.

Jambo la kushika tangu sasa ni hili: volteji ya utando huamuliwa na ioni ipi (atomu yenye chaji ya umeme) inaruhusiwa kupita kwa wakati huo. Watu wengi hudhani kwamba ioni humiminika kwa wingi hadi upande mmoja ukajaa na mwingine ukapungukiwa. Sivyo, na hatua ya 4 itakuonyesha kwa hesabu.

Hatua ya 1: Uelewe utando wenyewe

Utando wa seli ni tabaka mbili za molekuli za mafuta ziitwazo fosfolipidi. Vichwa vyake hupenda maji, kwa hiyo vimeelekea nje na ndani ya seli. Mikia yake hukimbia maji, kwa hiyo imejificha katikati. Sehemu hiyo ya mafuta ina unene wa nanomita 3 hadi 4 tu. Oksijeni na kaboni dioksidi hupenya bila shida. Ioni haiwezi, kwa sababu chaji yake imeikusanyia molekuli za maji pembeni, na kuziacha ili iingie kwenye mafuta kunadai nishati kubwa mno.

Kwa hiyo utando ni kihami. Na kwa kuwa ni kihami chembamba sana, unaweza kuhifadhi chaji kwenye nyuso zake mbili: takriban maikrofaradi 1 kwa kila sentimita ya mraba. Sasa fanya hesabu ndogo. Volti 0.07 ikigawanywa kwa unene wa nanomita 4 ni sawa na volti milioni 17.5 kwa mita. Milivolti 70 zinasikika kama kitu kidogo, lakini kwa protini iliyokaa ndani ya utando huo, ni nguvu ya kutosha kabisa kusogeza sehemu zake. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye chaneli zinazohisi volteji.

Hatua ya 2: Andika ukolezi (kiasi katika kila lita) wa kila ioni, nje na ndani

Kabla ya hesabu yoyote, chora duara, uandike namba pande zote mbili. Kwa seli ya neva ya mamalia unaweza kutumia hizi, zote kwa milimoli kwa lita:

Potasiamu (K⁺): nje 4, ndani 140
Sodiamu (Na⁺): nje 145, ndani 12
Kloridi (Cl⁻): nje 110, ndani 7
Kalsiamu (Ca²⁺) iliyo huru: nje 1.2, ndani 0.0001

Namba hutofautiana kidogo kati ya seli na seli, ila mpangilio ni uleule: potasiamu imejaa ndani, nyingine tatu zimejaa nje. Chaji chanya za ndani husawazishwa zaidi na protini na fosfeti, ambazo ni hasi na haziwezi kutoka.

Anayeutunza mpangilio huo ni pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo Jens Christian Skou wa Denmark aliielezea mwaka 1957 na kushiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa ajili yake mwaka 1997. Katika kila mzunguko, pampu hutumia molekuli moja ya ATP (kibeba nishati cha seli), hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Chaji moja chanya ya ziada hutoka, hivyo ni kweli kwamba pampu huchangia volteji moja kwa moja, lakini katika seli nyingi mchango huo ni milivolti chache tu. Kazi yake kubwa ni kulinda tofauti ya ukolezi. Uzi mkubwa wa neva wa ngisi huendelea kurusha misukumo mingi hata baada ya pampu kuzimwa kwa sumu, kwa sababu akiba ya ukolezi bado ipo. Akiba hiyo ikiisha, basi.

Hatua ya 3: Tafuta volteji ya mizani ya kila ioni

Chukua utando ambao una chaneli za potasiamu pekee. Potasiamu imejaa ndani, kwa hiyo huanza kutoka. Kila ioni inayotoka inaondoka na chaji chanya, na ndani panazidi kuwa hasi. Uhasi huo nao huanza kuirudisha potasiamu. Mwisho hufika mahali ambapo msukumo wa ukolezi kwenda nje na mvuto wa umeme kwenda ndani vinalingana. Zinazotoka na zinazoingia zinakuwa sawa. Volteji ya hapo ndiyo volteji ya mizani ya potasiamu.

Mlinganyo wa kuitafuta ulitolewa na Walther Nernst wa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kwa joto la mwili, nyuzi 37 za Selsiasi, unafupishwa hivi:

E = (61.5 ÷ z) × logi ya (ukolezi wa nje ÷ ukolezi wa ndani)

Herufi z ni chaji ya ioni pamoja na alama yake, na jibu ni kwa milivolti. Ukifanya kazi kwenye nyuzi 20, badilisha 61.5 iwe 58.

Potasiamu: 4 ÷ 140 = 0.0286, logi yake ni −1.544, jibu ni −95 mV.
Sodiamu: 145 ÷ 12 = 12.08, logi yake ni 1.082; jibu ni +67 mV.
Kloridi: 110 ÷ 7 = 15.7, logi yake ni 1.196, z ni −1, kwa hiyo jibu ni −74 mV.
Kalsiamu: 1.2 ÷ 0.0001 = 12,000; logi yake ni 4.079, z ni 2, kwa hiyo jibu ni +125 mV.

Makosa yanayojirudia kwenye karatasi za mitihani ni matatu: kuweka ukolezi wa ndani juu ya wa nje, kusahau alama hasi ya kloridi, na kusahau kugawa kwa 2 kwenye kalsiamu. Jikague hivi: ioni chanya iliyojaa ndani lazima itoe jibu hasi.

Ukishapata E, unaweza kujua ioni inasukumwa wapi na kwa nguvu gani. Toa E kutoka kwenye volteji iliyopo. Seli ikiwa kwenye −70, potasiamu ina −70 − (−95) = +25 mV, yaani msukumo mdogo wa kutoka. Sodiamu ina −70 − 67 = −137 mV, msukumo mkubwa sana wa kuingia. Potasiamu iko karibu na mizani yake. Sodiamu iko mbali kabisa na yake, na hilo ndilo linaloipa neva uwezo wa kulipuka ghafla.

Hatua ya 4: Hesabu ioni zinazohitajika

Hatua hii vitabu vingi huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo inayofungua macho kuliko zote.

Chukua seli ya duara yenye kipenyo cha maikromita 20. Eneo la utando wake ni takriban sentimita za mraba 0.0000126, kwa hiyo uwezo wake wa kuhifadhi chaji ni pikofaradi 12.6. Ili kutoka sifuri hadi −70 mV, chaji inayopaswa kuvuka ni pikofaradi 12.6 × volti 0.07, yaani pikokulombu 0.88. Gawanya kwa chaji ya ioni moja na utapata takriban ioni milioni 5.5.

Ni nyingi? Sasa hesabu potasiamu yote iliyomo ndani. Ujazo wa seli hiyo ni pikolita 4.2, na kwa ukolezi wa milimoli 140 kwa lita, ndani yake mna ioni za potasiamu kama bilioni 350. Kwa hiyo iliyotoka ni ioni moja katika kila 64,000 hivi. Hakuna kipimo cha kawaida cha ukolezi kitakachoona mabadiliko hayo. Chaji zilizozidi hukaa zikiwa zimebana kwenye nyuso za utando, ilhali maji yaliyobaki pande zote mbili hayana upungufu wala ziada ya chaji.

Ndiyo maana volteji inaweza kubadilika kwa elfu moja ya sekunde bila ukolezi kuguswa. Ukiona mchoro unaoonyesha sodiamu yote imehamia ndani wakati wa msukumo wa neva, usiuamini.

Hatua ya 5: Changanya ioni zote upate volteji halisi

Seli halisi huwa na chaneli za aina nyingi zilizo wazi kwa wakati mmoja. Kila ioni huivuta volteji kuelekea E yake, na yenye upenyevu (wepesi wa kupita kwenye utando) mkubwa zaidi ndiyo inayovuta kwa nguvu zaidi. David Goldman aliandika mlinganyo wa hali hii mwaka 1943, na Alan Hodgkin na Bernard Katz wakautumia kwenye neva ya ngisi mwaka 1949. Kwa kuanzia, tumia potasiamu na sodiamu pekee:

V = 61.5 × logi ya [(K nje + p × Na nje) ÷ (K ndani + p × Na ndani)]

Hapa p ni upenyevu wa sodiamu ukilinganishwa na wa potasiamu. Seli ikiwa imetulia, p ni kama 0.04, yaani kwenye kila njia 100 za potasiamu, sodiamu ina kama 4.

Juu: 4 + 0.04 × 145 = 9.8.
Chini: 140 + 0.04 × 12 = 140.48.
9.8 ÷ 140.48 = 0.0698, logi yake ni −1.156; V = −71 mV.

Hiyo ndiyo "−70" ya vitabuni. Haikufika −95 ya potasiamu kwa sababu sodiamu kidogo inavuja kuingia.

Sasa geuza p iwe 20, bila kugusa ukolezi hata kidogo. Juu unapata 2,904, chini 380. Uwiano ni 7.64, logi 0.883, na V ni +54 mV. Umeirusha seli kutoka −71 hadi +54 kwa kubadilisha ni chaneli zipi ziko wazi.

Hatua ya 6: Zijue chaneli zenyewe

Chaneli ni protini iliyotoboa utando, yenye njia ya maji katikati. Mambo mawili huitambulisha: inachagua ioni gani, na nini huifungua.

Tuanze na uchaguzi, kwa sababu una fumbo zuri. Sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu: nusu kipenyo chake ni nanomita 0.095, cha potasiamu ni 0.133. Inakuwaje basi chaneli ipitishe kubwa na kukataa ndogo? Jibu lilionekana mwaka 1998, pale Roderick MacKinnon na wenzake walipochapisha umbo la chaneli ya potasiamu ya bakteria Streptomyces lividans, kazi iliyompa sehemu ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Ndani ya chaneli kuna kichujio chembamba kilichozungukwa na atomu za oksijeni, zimepangwa safu kwa safu. Potasiamu ikiingia huvua maji yake, na zile oksijeni za ukutani zinakaa pale pale zilipokuwa oksijeni za maji. Haipotezi kitu. Sodiamu ikivua maji, oksijeni za ukutani zinakuwa mbali mno kuishika, kwa hiyo ina nafuu ikibaki na maji yake nje. Na ikibaki nayo, haienei mlangoni.

Licha ya uangalifu huo wote, chaneli nzuri ya potasiamu inaweza kupitisha ioni karibu milioni 100 kwa sekunde, kwa kuwa ioni hupanga mstari mmoja ndani ya kichujio na ya nyuma huisukuma ya mbele. Pampu, kwa kulinganisha, huhamisha mamia tu kwa sekunde.

Kuhusu kinachofungua, makundi ni haya. Chaneli za uvujaji hubaki wazi muda mwingi na ndizo zinazoshikilia hali ya utulivu. Chaneli za volteji zina kipande chenye chaji chanya kiitwacho S4. Ndani ya seli pakipungua uhasi, kipande hicho husogea kuelekea nje na kuvuta lango. Chaneli za kemikali hufunguliwa na molekuli inayonata juu yake, kama asetilikolini kwenye msuli. Nyingine huitikia mvuto wa utando au joto: Piezo2 huhisi mguso, na TRPV1 hufunguka joto likizidi nyuzi 43 hivi, au ikikutana na kapsaisini, kile kiwashacho cha pilipili.

Ukitaka kuona chaneli moja ikifanya kazi, kuna mbinu ya Erwin Neher na Bert Sakmann ya mwaka 1976, iliyowapa Nobel mwaka 1991. Kijiti cha kioo chenye tundu la takriban maikromita moja kinagandishwa juu ya utando, ili mkondo unaopita kwenye kipande kilichozibwa upimwe peke yake. Kwenye skrini mstari unatulia, halafu ghafla unaruka ngazi moja, unakaa, unarudi. Ngazi ni ileile kila mara. Chaneli moja kwa kawaida iko wazi au imefungwa, na hufunguka kwa kubahatisha; kinachobadilishwa na volteji au kemikali ni uwezekano wa kuikuta wazi. Urefu wa ngazi huukokotoa hivi: mkondo = upitishaji × (V − E). Chaneli yenye upitishaji wa pikosimensi 20, ikisukumwa na mV 100, hupitisha pikoampea 2, yaani ioni kama milioni 12.5 kwa sekunde.

Hatua ya 7: Fuata msukumo wa neva kwa mpangilio

Sasa una vifaa vyote. Seli iko −71. Kitu fulani, tuseme asidi ya glutamiki kutoka neva jirani, kinafungua chaneli na volteji inapanda hadi kizingiti, karibu na −55. Chaneli za sodiamu za volteji zinaanza kufunguka; sodiamu inaingia, volteji inapanda, na kupanda huko kunafungua nyingine zaidi. Mzunguko huu ukishashika hauhitaji tena kichocheo. Volteji inaelekea +54 tuliyoikokotoa, lakini kwa kawaida huishia +30 hadi +40, kwa kuwa mambo mawili huingilia. Ndani ya kama milisekunde moja, kipande cha chaneli ya sodiamu chenyewe huziba njia kutoka ndani. Chaneli za potasiamu, ambazo huchelewa, nazo zinafunguka.

Potasiamu inatoka na volteji inashuka, hata kupita pale ilipoanzia. Weka p iwe 0.01 kwenye mlinganyo na utapata −87 mV. Chaneli za potasiamu zikifungwa, inarudi −71. Wakati huo chaneli za sodiamu zilizozibwa haziwezi kufunguka hadi zirejee hali yake, na ndiyo sababu msukumo husonga mbele kwenye uzi wa neva bila kurudi nyuma.

Hodgkin na Andrew Huxley waliyaeleza haya yote kwa milinganyo mwaka 1952, wakitumia uzi wa neva wa ngisi, kabla mtu yeyote hajaiona chaneli. Huxley alizifanya hesabu hizo kwa kikokotoo cha kuzungusha kwa mkono. Walipewa Nobel mwaka 1963 pamoja na John Eccles.

Sumu ya samaki bunju, tetrodotoksini, huziba chaneli za sodiamu kutoka nje. Lidokaini ya daktari wa meno huziziba kutoka ndani. Kwa vyote viwili, p haipandi, na msukumo hautokei.

Hatua ya 8: Itumie njia hii kwenye hali halisi

Usiseme kamwe kwamba chaneli "inaamsha" au "inatuliza" kabla hujakokotoa E. Chaneli ya kloridi inayofunguliwa na GABA, kemikali ya ujumbe kati ya neva, hutuliza neva ya mtu mzima kwa sababu −74 iko chini ya kizingiti. Ila katika neva changa zinazoendelea kukua, kloridi huwa nyingi zaidi ndani. Iweke 25 badala ya 7 na E inakuwa −40. Chaneli ni ileile, kemikali ni ileile, na sasa inaweza kuisogeza seli kwenye kizingiti.

Angalia pia potasiamu ya damu. Kiwango cha kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Ipandishe nje kutoka 4 hadi 8 kwenye mlinganyo wa hatua ya 5: V inatoka −71 hadi −62. Kisha rudisha potasiamu, ushushe sodiamu ya nje kutoka 145 hadi 130: V inasogea chini ya milivolti 2. Ndiyo maana ongezeko dogo la potasiamu humtia daktari hofu kuhusu moyo. Seli ikikaa muda mrefu kwenye volteji iliyopanda, chaneli nyingi za sodiamu hubaki zimezibwa, na umeme wa moyo husafiri polepole hadi mapigo yakaharibika.

Mfano wa mwisho ni seli ya beta ya kongosho. Ina chaneli ya potasiamu inayofungwa na ATP. Sukari ikipanda kwenye damu, seli hutengeneza ATP zaidi, chaneli hizo hufungwa, na upenyevu wa potasiamu hushuka. Ukishuka mara 5, p hupanda kutoka 0.04 hadi 0.2, na mlinganyo unakupa −39 mV badala ya −71. Chaneli za kalsiamu za volteji zinafunguka, kalsiamu inaingia na insulini inatolewa. Dawa ya glibenklamidi huifunga chaneli hiyo ya potasiamu hata bila sukari kupanda, kwa hiyo humsaidia mwenye kisukari ambaye kongosho lake bado lina insulini.

Watoto wengine huzaliwa na jeni ya chaneli hiyo ikiwa na kasoro: ATP inashindwa kuifunga, potasiamu inaendelea kutoka, seli inabaki kwenye volteji ya chini na insulini haitoki ingawa imo ndani. Sababu hiyo ya kisukari cha watoto wachanga ilitambuliwa mwaka 2004. Kwa kuwa dawa za kundi la glibenklamidi huifunga chaneli kwa njia isiyotegemea ATP, wengi wa watoto hao wameweza kuacha sindano za insulini na kutumia vidonge.